Je, Aliyejitoa Uhai Azikwe Nje ya Ua?

Maswali ya wasomaji, majibu ya Mwalimu

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Vihiga. Mwezi wa nne tulimpoteza kaka yetu wa pili, aliyekuwa na umri wa miaka 31. Alijitoa uhai. Kabla mwili haujatoka mochari, wazee wa ukoo walikuwa wameshakata shauri: azikwe usiku, pembeni mwa shamba karibu na mtaro, pasiwe na matanga, wala mtoto yeyote asipewe jina lake. Mchungaji naye alisema hawezi kuupokea mwili kanisani, kwa kuwa dhambi hiyo haina nafasi ya toba. Tangu siku hiyo mama hasemi na mtu. Ninataka kujua mambo haya yametoka wapi. Ni ya Biblia, ni ya mila zetu, au ni ya watu tu? (Dada wa marehemu, jina limehifadhiwa)

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa msiba, na umfikishie mama pole yangu kabla ya kumsomea lolote lililoandikwa hapa. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Nilizaliwa chini ya Mlima Elgon, na nikiwa na umri wa miaka tisa niliyaona unayoyasimulia. Jirani yetu alizikwa usiku. Mwili haukupitishwa langoni bali kwenye pengo lililokatwa katika ua wa michongoma, wanaume wanne wakiongozwa na taa moja ya chemli, na mjane akaamriwa abaki jikoni. Asubuhi nilipotumwa kuazima chumvi nilimkuta ameketi mlangoni, ungo wa maharagwe mapajani, akichambua maharagwe ambayo yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa. Hakuna aliyemwambia pole. Pengo la ua lilizibwa kwa miiba kabla jua halijapanda, na kwa miaka yote niliyoishi pale sikusikia tena jina la mume wake likitajwa.

Nianze na Biblia, kwa kuwa ndiyo aliyoitegemea mchungaji. Maandiko yanasimulia vifo vya namna hii bila kuficha, kuanzia Sauli na mchukua silaha wake, Ahithofeli na Zimri, hadi Yuda, lakini hapana mahali hata pamoja panapoamuru marehemu anyimwe maziko. Kuhusu Ahithofeli imeandikwa waziwazi kwamba alizikwa kaburini mwa babaye. Watu wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha kuufuata mwili wa Sauli, wakaizika mifupa yake chini ya mti, wakafunga siku saba, naye Daudi, ambaye Sauli alikuwa amemwinda ili amuue, alimtungia maombolezo. Huko ndiko kufiwa kunakosimuliwa katika Agano la Kale, na sioni humo mtaro wala pembe ya shamba.

Katazo lilikuja baadaye, na chanzo chake kinasikitisha kwa sababu kilikuwa chanzo chema. Mwaka 410 jiji la Roma lilitekwa na Wagothi, na wanawake wengi wakanajisiwa. Wako waliojitoa uhai, na wale waliobaki hai wakasimangwa, kana kwamba kuishi kwao kulikuwa ushahidi wa aibu yao. Agostino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Aljeria, alianza mwaka 413 kuandika kitabu ambacho ndani yake aliwatetea wanawake hao, akisema kwamba aliyetendewa ukatili hana hatia na hana cha kujiadhibia. Ni katika utetezi huo alimoeleza kwamba amri ya "Usiue" inamhusu pia mtu na nafsi yake mwenyewe. Ninakuomba ulitazame jambo hili kwa makini, kwa kuwa hoja iliyokuja kuwaumiza wafiwa ilianza kama ngao ya walio hai.

Hoja hiyo ilipogeuzwa kuwa kanuni, huruma iliachwa nyuma. Mtaguso wa Braga, yaani mkutano wa maaskofu, huko Ureno, mwaka 561 ulikataza zaburi na kumbukumbu ya misa kwa aliyejitoa uhai. Mtaguso wa Toledo, huko Hispania, mwaka 693 ulikwenda mbali zaidi, ukaagiza kwamba hata aliyejaribu akanusurika atengwe na ushirika kwa miezi miwili, yaani mtu aliyerudi kutoka ukingoni mwa shimo akakuta mlango wa kanisa umefungwa. Katika karne ya 13 mwanateolojia Thomas wa Akwino aliipanga hoja hiyo katika sehemu tatu, kwamba kujiua kunapingana na maumbile ya mtu kujipenda, kunaidhulumu jamii, na kunamnyang'anya Mungu mamlaka juu ya uhai, na kwa karne nyingi mapadri walifundishwa hivyo.

Huko Uingereza, serikali iliongeza adhabu zake juu ya zile za kanisa. Marehemu alizikwa njia panda, usiku, bila sala, na mali yake ikachukuliwa na mfalme, kwa hiyo mjane aliamka asubuhi hana mume na hana ng'ombe. Kinachonipa faraja katika historia hiyo ni watu wa kawaida walioketi barazani kuamua vifo hivyo. Hasa katika karne ya 18, walizidi kutamka kwamba marehemu hakuwa na akili timamu, kwa sababu uamuzi huo uliiokoa mali ya watoto. Majirani walitangulia na sheria ikawafuata kwa kuchechemea: mwaka 1823 maziko ya njia panda yalifutwa, ila ikaamriwa kwamba marehemu azikwe kati ya saa tatu na saa sita usiku, unyang'anyi wa mali ulikoma mwaka 1870, na lile sharti la usiku likaondolewa mwaka 1882. Kwa hiyo mzee anapokuambia kwamba kuzika usiku ni desturi ya Kiafrika peke yake, huenda anasema asichokijua.

Hata hivyo sitaki kuzikana mila zetu. Waluo waliogopa kwamba aliyekufa na kinyongo angerudi akiwa jachien, roho ya kulipiza kisasi, na kwamba kuvunja mwiko kungeleta chira, ule unyonge unaotafuna kizazi kimoja baada ya kingine. Kwetu Waluhya hofu ilikuwa ya unajisi, kwamba kifo hicho kingerukia nyumba nyingine kama moto wa nyasi unavyoruka mtaro. Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Hata wataalamu wa leo wanakubali kwamba kifo cha namna hii huwatikisa walio karibu na marehemu na kwamba wafiwa wenyewe huingia hatarini, ila dawa waliyoichagua wazee ilikuwa kufuta: kufuta njia, kufuta kaburi, kufuta jina. Mfiwa aliyefutiwa jina la mtu wake hana pa kuweka uchungu wake, naye ndiye hasa aliyehitaji kulindwa.

Lakini kuna nusu nyingine ya mila tuliyoitupa. Kijijini kwetu mtu aliyejaribu akanusurika hakuachwa peke yake. Kondoo alichinjwa, ndugu wa pande zote mbili wakaitwa, na kila mmoja akatakiwa aseme mbele ya watu amemkosea nini yule mtu. Babu alinieleza kwamba kikao kama hicho kiliweza kuchukua siku mbili, na kwamba hakikuvunjwa mpaka deni, mpaka wa shamba au maneno ya mke mwenza yaliyozua jambo hilo yamalizwe. Kondoo huyo sikumwona mimi. Nililiona pengo la ua. Katika kumbukumbu za wengi wetu lililobaki ni hilo pengo.

Makanisa yalipofika kwetu, Wakwekeri huko Kaimosi mwaka 1902 na Waanglikana huko Maseno mwaka 1906, mikondo hii miwili ilianza kukutana. Nijuavyo mimi, hivyo ndivyo tulivyofikia pale mlipojikuta ninyi mwezi wa nne: mzee anaitaja Biblia ambayo haikusema hayo, na mchungaji anategemea mila ambayo, siku nyingine yoyote, angeiita ya kipagani. Kila mmoja amekuwa shahidi wa mwenzake. Na kwa kuwa tulizika gizani, watu wa nje walidhani hatuna msiba huu. Daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari tangu mwaka 1938, aliandika kwamba Waafrika ni nadra kupatwa na sonona au kujiua, hadi mwaka 1960 mwanaanthropolojia Paul Bohannan alipochapisha uchunguzi uliofanywa miongoni mwa jamii kadhaa, wakiwemo Waluo, Waluhya na jirani zetu Wagisu, ukaonyesha kwamba msiba ulikuwepo muda wote.

Kuhusu toba, Kanisa Katoliki lenyewe, lililokuwa na kanuni kali kuliko yote, limebadilika. Sheria yake ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya kanisa waliojiua kwa kusudi. Ile ya mwaka 1983 imewaondoa katika orodha hiyo, na Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba msukosuko mkubwa wa akili hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusiukatie tamaa wokovu wake, kwa kuwa Mungu anazo njia anazozijua mwenyewe za kumpa nafasi ya toba. Kanisa lenu huenda si hilo, lakini mchungaji anayesema "hana nafasi ya toba" anatamka hukumu ambayo hata waliokuwa wakali kumzidi wameiacha.

Ufanye nini sasa? Usigombane na wazee juu ya kaburi, lililochimbwa limechimbwa. Tafuta mhubiri mmoja mwenye moyo, awe wa dhehebu lolote, aje mchana kweupe, majirani wakiwepo, asome Zaburi kando ya huo mtaro na alitaje jina la kaka yako kwa sauti. Pandeni mti au jengeni kaburi kwa saruji kama mlivyowajengea wengine. Mtoto akizaliwa, kumpa jina la mjomba wake si kosa. Naye mama usimwache na ukimya wake. Mpeleke akaonane na mshauri katika hospitali ya kaunti, na ukiona amekataa chakula, hapati usingizi, au anasema hana tena sababu ya kuishi, usingoje wiki ipite.

SWALI: Assalamu alaikum, Mwalimu. Hapa Mumias kijana wetu alifariki kwa kujitoa uhai, na baadhi ya waumini wakasema kwamba haswaliwi. Wengine walimswalia, na sasa msikiti umegawanyika. Lipi ni sahihi? (Mzee wa familia, Mumias)

JIBU: Wa alaikumu ssalaam, mzee wangu, na poleni sana. Mimi si mwanachuoni wa dini yenu, kwa hiyo kabla ya kuandika nilimwendea shehe mmoja hapa Nakuru ambaye tumejuana miaka mingi, naye alinisomea na kunifafanulia.

Katazo la kujiua lenyewe halina shaka. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 29, Mwenyezi Mungu anawaambia waumini wasijiue, na papo hapo, katika aya hiyohiyo, anasema kwamba Yeye ni mwenye kuwarehemu. Shehe alinyamaza kidogo hapo, akaniambia kwamba watu wengi huisoma nusu ya kwanza wakaifunga Kurani.

Mgawanyiko wenu una chimbuko. Imepokewa kutoka kwa Jabir bin Samura kwamba Mtume aliletewa mtu aliyejitoa uhai, naye hakumswalia. Wako waliolichukua tendo hilo kuwa katazo, akiwemo khalifa Umar bin Abdul-Aziz. Lakini wanachuoni walio wengi, pamoja na madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa nchi yetu, wanaona kwamba Mtume aliiacha swala hiyo ili kuwaonya watu, na kwamba Waislamu wengine humswalia marehemu kama wanavyomswalia yeyote. Kwa hiyo waliomswalia kijana wenu walisimama juu ya msingi imara.

Shehe aliniongezea kisa kilichomo katika Sahihi Muslim, nacho sitakisahau. Tufayl bin Amr alihamia Madina pamoja na mtu wa kabila lake; mwenzake akaugua huko, maumivu yakamshinda, akajitoa uhai. Baadaye Tufayl alimwona ndotoni akiwa katika hali njema, isipokuwa mikono yake ilikuwa imefunikwa. Alipomsimulia Mtume ndoto hiyo, Mtume hakumlaumu marehemu bali alimwombea, kwamba Mwenyezi Mungu aisamehe na mikono yake pia. Imepokewa vilevile kwamba kalamu imeinuliwa kwa aliyepotewa na akili hadi zimrudie, na ni nani kati yenu anayejua kijana huyo alikuwa na akili gani saa ile? Muulizeni imamu wenu kama ataisoma hadithi ya Tufayl siku ya Ijumaa, wale wa pande zote mbili wakiwa wameketi safu moja.

SWALI: Mwalimu, mpangaji mwenzangu hapa Kaptembwo alinusurika mwezi uliopita. Mkewe aliogopa kumpeleka hospitali kwa kuwa aliambiwa polisi wangemkamata. Je, bado ni kosa la jinai? Tena ninaona hajakaa sawa, lakini ninaogopa kumuuliza waziwazi nisije nikampa wazo. (Mwendesha bodaboda, Nakuru)

JIBU: Ndugu yangu, mwambie mke wake leo hii kwamba aende hospitali bila hofu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka miwili, kilibatilishwa na Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu huko Nairobi tarehe 9 Januari 2025. Miongoni mwa waliofungua kesi hiyo walikuwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili, na jaji aliona kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba katika usawa, utu na haki ya afya.

Sheria hiyo haikuwa yetu. Kanuni ya Adhabu ililetwa na wakoloni na kuanza kutumika mwaka 1930. Waingereza walijifutia kosa hilo kwao mwaka 1961, miaka miwili kabla ya uhuru wetu, na sisi tukabaki nalo kwa zaidi ya miaka 60. Nilipokuwa ningali nafundisha nilikwenda mahakamani, katika mji ambao sitautaja, kwa ajili ya mwanafunzi wangu wa zamani. Alisimama kizimbani akiwa bado amevaa ndara za hospitali, moja imekatika ukanda, akiishikilia kwa vidole vya mguu isimtoke. Shtaka lilisomwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa. Alipoulizwa kama ni kweli, alimgeukia mama yake kana kwamba ndiye aliyeulizwa. Hakimu alimwachilia kwa onyo, na hakuna aliyetaja daktari. Hadi leo ninajilaumu kwamba nami sikumtaja. Baada ya hapo aliuhama mji, na sikujua alikokwenda.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa. Kumuuliza mtu waziwazi hakumpi wazo. Shirika la Afya Duniani linalisema hili bila kusita, na sababu yake si ngumu: mwenye wazo hilo amekuwa nalo peke yake, na swali lako linamwonyesha kwamba linaweza kusemeka. Muulize mkiwa wawili tu, kwa sauti ya kawaida: "Ndugu yangu, umefika mahali pa kufikiria kujitoa uhai?" Akikubali, usimhubirie, usimwambie kuna wenye shida kumzidi, wala usimwahidi kwamba utaitunza siri.

Hata dini zetu zililijua hili kabla ya mitaguso. Eliya alipoketi chini ya mretemu akamwomba Mungu aiondoe roho yake, hakukemewa. Aliachwa alale, akaamshwa akapewa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akalala tena, akaamshwa akalishwa mara ya pili, na mazungumzo yakaja baadaye kabisa. Naye Paulo, alipomwona mlinzi wa gereza la Filipi ameuchomoa upanga, alipaza sauti: "Usijidhuru, kwa maana sisi sote tupo hapa." Katika karne iliyopita padri Mwanglikana, Chad Varah, ambaye mojawapo ya mazishi ya kwanza aliyoyaongoza, mwaka 1935, yalikuwa ya msichana aliyejitoa uhai kwa hofu ya jambo la mwili wake ambalo hakuna aliyemweleza, alianzisha mwaka 1953 huko London huduma ya simu, ili mwenye kukata tamaa apate mtu wa kumsikiliza saa yoyote. Huduma za namna hiyo sasa zimeenea katika nchi nyingi, na yetu ikiwemo.

Kwa mpangaji mwenzako, anza hivi. Dawa za hospitali, za shambani na za panya zitoke nyumbani humo, au zifungiwe mahali ambapo yeye hana ufunguo. Asibaki peke yake siku hizi. Pangeni zamu na vijana wa steji yenu, mmoja akae naye jioni na mwingine asubuhi. Mwende naye hospitali ya rufaa ya kaunti mkaulize kitengo cha afya ya akili, na ukiweza uingie naye, kwa sababu foleni ni ndefu na aliyechoka huondoka. Hatari ikionekana ni ya usiku huohuo, mpeleke idara ya dharura bila kungoja asubuhi. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu hapa Kenya haitozwi, na wewe pia unaweza kuipiga ukiwa hujui la kufanya. Baada ya hapo rudi kumwona kesho yake, na keshokutwa, na wiki inayofuata, hata kama atakuambia kwamba sasa yuko sawa.